Kisanduku cha Kuweka Tiki

Miaka thelathini na moja nimesoma mita za watu,
Bugarika, Mabatini, mawe juu ya mawe, magoti yamelika.
Najua nyumba ya tangi kubwa:
likijaa Jumatatu, Jumanne ndoo za majirani zimepanga foleni,
na Ijumaa mwenyewe anagonga tangi kwa ngumi, anasikiliza.
Najua pia nyumba ya bomba:
maji membamba kama uzi, ila kukikucha sufuria imejaa.

Leo fomu iko mezani, chini ya kopo la chumvi.
Mkupuo, au kila mwezi mpaka nife.
Shemeji Lugembe kashapiga simu mara tatu;
ana vizimba vya sato kule Luchelele,
"ng'ombe wasiokula majani," anasema.
Nyanzobe anachambua dagaa, haniangalii.
"Baba yako alikufa akiwa na miaka mingapi?"
Sitini na miwili.
"Na mama?"
Mama yuko chumba cha pili, anaomba uji.

Tumecheka, kisha tukanyamaza.
Nimeshika kalamu kama nilivyoshika tochi
mbele ya mita yenye kioo kilichoingia ukungu:
namba zipo, zinatembea,
nami sizioni vizuri.