Jani la Mlangoni

Mlango wetu wa uani hauna kitasa.
Upepo wa Rungwe ukishuka usiku
unazuiwa na jiwe
alilolitoa baba Kiwira, chini, kwenye makaa,
enzi mgodi ulipokuwa bado unalipa mishahara.
Jiwe jeusi, bapa, lenye jani.

Si mchoro. Jani.
Limekaa kama ulimi wa ndama,
mshipa mmoja katikati
na mishipa midogo inayoupindia
kama vijia vya mbuzi vishukavyo mtoni.
Baba, Ambakisye, alilimulika kwa tochi ya kofia,
akazima, akawasha tena.
"Nilidhani limedondoka jana," alituambia,
"ndipo nikakumbuka nilipo,
na kwamba humo shimoni hakuna mti."

Dada yangu Lugano anafundisha jiografia Tukuyu.
Siku ya matanga ya baba, jikoni, macho yamevimba,
alichukua chapati akaichana mbele ya watoto:
hii Afrika, hii Bara Hindi,
hii Amerika ya Kusini, hii Australia,
na hapa pameungua, hii ni Antaktika.
Bukini tuliila ikiwa bado ya moto.
"Jani la babu," akasema, "limeokotwa kwenye vipande vyote.
Halikuvuka bahari.
Bahari ndiyo iliyokuja baadaye."

Kabla ya ndege wa kwanza.
Kabla ya ua la kwanza kufikiria rangi.
Miaka milioni mia mbili na hamsini, na ushee;
ushee wenyewe ni mrefu kuliko watu wote.

Sisi kugawana ekari mbili na baba mdogo
tulihitaji wazee saba, mwenyekiti, mhuri,
na bado kigingi kilihama usiku.
Wao waliachana bila shahidi,
mwendo wa kucha inavyoota,
na hadi leo kingo zao zinajuana.

Mwezi wa tatu bwana shamba akaleta miche ya makadamia.
"Huyu mgeni," akamwonya mama, "katoka Australia,
mpole, lakini mpeni muda azoee."
Mama akachimba mashimo arobaini
chini ya migrivea iliyokivulia kahawa kivuli
tangu bibi akiwa mwali.
Nayo ya Australia. Hakuna aliyewahi kuiuliza pasipoti.

Mimi nilikuwa nimetoka Kitulo wiki ile.
Huko juu nimeona kichaka kimeunguzwa na moto,
gome jeusi kama sufuria ya msibani,
na kwenye ncha yake ua,
bakuli la manyoya, limejaa nyuki.
Protea. Ukoo mmoja na makadamia, ukoo mmoja na mgrivea,
wajukuu waliozaliwa nyumba ikiwa imeanza kupasuka,
kila mmoja akabaki na chumba alichokutwa nacho.

Nikamwambia mama: huyu si mgeni. Ni ndugu karudi.
Mama hakuinua kichwa.
"Kama ni ndugu na azae upesi.
Ndugu wa kweli haji mikono mitupu."

Ukuta wa chumba changu una ufa.
Ulianza na tetemeko la usiku ule wa mvua;
nilichomeka njiti ya kiberiti, sasa njiti inacheza.
Fundi Mwakalobo anasema ni msingi.
Lugano anasema ni bonde, linaendelea kuchana chapati.
Huenda wote wana haki;
fundi, hata hivyo, ndiye anayedai malipo.

Alfajiri huku hatuulizani habari.
Tunasema ugonile, yaani, umelala?
Nimeinama kulisogeza jiwe
na neno likanitoka kabla sijalichunga:
Ugonile?

Umande ulikuwa umelilowesha lile jani,
mishipa yake yote imesimama.
Nyuma yangu mama akakohoa.
"Unaongea na nani? Fungua, kuku watoke."