Hatua za Mataruma

Mataruma ya reli hayakupimwa kwa mguu wa mtu.
Ukikanyaga moja moja unakwenda kama kuku aliyefungwa kamba,
ukiruka mawili, nyonga inakulalamikia.
Baba alichagua moja moja,
miaka thelathini na moja, kutoka Gulwe
mpaka kibao cha mwisho wa kipande chake, na kurudi,
spana ndefu begani, nyundo mkononi,
bendera nyekundu imekunjwa ndani ya kofia isilowe.

Mwendo ule ukamwingia mwilini, ukakataa kutoka.
Siku ya harusi yangu alinishika mkono mlangoni mwa kanisa
tukaanza: fupi, fupi, fupi.
Mwanakwaya mmoja akamnong'oneza mwenzake,
huyu anasindikiza bibi harusi au anakagua njia?
Vyote viwili.
Wala sikupoteana naye hata hatua moja,
kwa kuwa hesabu nilijifunzia nyuma ya visigino vyake:
"Penina, kiungo kimoja bolti nne. Viungo kumi na saba?"
Mpaka leo jedwali la nne nalijua kuliko Kanuni ya Imani.

Alisikiliza kwa kugonga.
Chuma kizima kinajibu, alisema, kilichopasuka kinanung'unika.
Akagonga mitungi, akagonga matikiti,
akagonga magunia ya uwele kujua panya wamefika wapi.
Usiku Yaredi alipokosa pumzi
alimgonga kifuani kwa vidole viwili, akainamisha sikio,
"Hapa pamelegea,"
akaenda kuamsha watu wa kiberenge.
Kabla jua halijachomoza mtoto alikuwa kitandani, hospitali ya Dodoma,
na baba yuko nje ya dirisha, kapiga magoti, anakaza bomba lililokuwa linavuja.

Yaredi huyohuyo alikuja kuchapwa
kwa kuweka kizibo cha soda juu ya reli.
Fimbo sita. Kisha mchapaji hakula,
mlenda ukapoa mbele yake ukaota ngozi.

Mwaka ambao Kinyasungwe ilibeba tuta
reli ilibaki inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.
Siku nne hatukumwona.
Alirudi matope hadi kwenye nyusi,
mama akamuuliza umekula?
Akatoa mfukoni nusu ya muhogo wa kuchemsha:
"Nimewabakizia."

Kiinua mgongo kilikuja kwa mafungu.
Fungu la mwisho liliandikwa Ndahani Chidumizi, *mke*,
akaenda mjini mara saba kuthibitisha kwamba yeye ni mume.
Mara ya saba karani alicheka, naye akacheka,
na huo ndio ulikuwa mwisho wa ugomvi wake na serikali.

Mjukuu alimpandisha treni mpya ya umeme.
Alikaa kichwa upande, anangoja.
Ile ta-ta, ta-ta ya viungo haikuja.
"Wameunga kwa moto tupu," akasema. Ihumwa ikapita.
Baadaye sana: "Na nani anaipitia kwa miguu?"
Behewa zima hakuna aliyejua.
Alishuka Morogoro amechoka
kama mtu aliyetembea njia nzima.

Tulimzika Jumanne, ardhi kavu, sururu ikitoa cheche.
Nyundo tulimwachia Yaredi. Spana haikupata mtu,
imeegemea ukuta, inatisha kuku.

Sasa kitanda cha mama kimeanza kulia.
Kila Jumamosi jioni baba alikuwa anakaza nati zake nane,
kimya, kama mtu anayesali.
Jana nilichukua koleo nikainama chini ya godoro.
Mama akanishika mkono.
"Acha.
Acha kilegee kidogo.
Nacho kimefiwa."