Pembetatu ya Buhene

Tumetandaza vihisi arobaini na kimoja
juu ya jiwe jeusi, kutoka Buhene kupanda Kibati,
kila kimoja na betri yake, na antena fupi
kama sindano ya kushonea magunia,
na pua ya kunusa mazuku,
ile hewa inayolala mashimoni
ikingoja mbuzi, ikingoja mtoto.

Habamungu ndiye aliyevileta kwa chukudu,
amevipanga kama mayai ndani ya majani ya migomba.
Alipotua cha mwisho akafuta jasho, akauliza:
"Na hivi, vitajuaje viko wapi?"

Swali la haki.
Kihisi kinachopiga yowe "hewa mbaya!"
bila kujua kimesimama wapi
kinawatoa watu mlango huu
kuwaingiza mlango ule ule.

Fedha zilitosha nanga tatu tu:
mnara wa simu, tangi la maji, paa la zahanati.
Hizo zinajijua kwa setilaiti.
Vilivyobaki, thelathini na vinane, ni kuulizana:
Wewe uko wapi? Nakusikia kwa nguvu gani?
Sauti ikififia, umbali umeongezeka.
Ndivyo kitabu kinavyosema.

Jiwe la hapa halikusoma kitabu.
Lina chuma, lina mapango,
likilowa mvua linameza nusu ya sauti,
na bati jipya la jirani linarudisha nusu nyingine
ikiwa imechelewa na imepinda.
Namba kumi na saba iliapa siku nzima
kwamba iko katikati ya ziwa.
Nikaikuta palepale nilipoiweka,
nyuma ya choo cha mama Kavugho,
kavu, haina hata sambaza mmoja.

Mama Kavugho akacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akaacha.
"Kama kazi yako ni kutafuta mahali pa vitu,
nitafutie nyumba yangu. Iko chini hapa.
Hapa wapi, ndiyo sijui."

Vitu vitatu vilikuwa bado vimechomoza juu ya lava:
nguzo ya kengele ya shule,
bomba lililopinda shingo,
ncha ya msalaba wa kanisa.
Na watu watatu walikuwa na kumbukumbu.
Mwalimu Ndagano: kutoka kengele hadi mlangoni kwake, hatua themanini.
Zihindula, fundi bomba: mipira miwili ya maji na nusu.
Maombi, muuza makala: kutoka kanisani, hatua mia na kumi,
"nilizihesabu usiku ule ili nisilie."

Nikafunga kamba, nikazungusha chaki.
Duara mbili zikakatana vizuri.
Ya Maombi ikapita mbali, peke yake.

Nikasema: huyu alikuwa anakimbia,
tupunguze uzito wa neno lake.
Mama Kavugho akasimama juu ya chaki yangu.
"Usimpunguze. Mgongoni alikuwa na mwanangu."

Basi nikamwomba Maombi atembee,
gunia la makala mgongoni, macho yamefumbwa,
tukapima hatua zake.
Fupi. Fupi kuliko nilivyodhani.
Uzito sikuugusa; nilirekebisha hatua.
Duara yake ikarudi nyumbani.

Hazikukutana kwenye nukta. Hazikutani kamwe.
Zikaacha katikati pembetatu ndogo,
pana kama mkeka.

"Umekosea kwa kiasi gani?"
"Mita mbili na nusu, labda."
"Jiko langu lilikuwa hivyo," akasema,
akaingia kwa kuinamisha kichwa,
kama mlango ulikuwa mfupi.

Jioni nilimpunguzia namba kumi na saba mazungumzo na bati,
nikamwongezea majirani wanne.
Akatoka ziwani.
Sasa anasema yuko barabarani, mita tatu kutoka chooni.
Daftarini nimeandika: makadirio.
Habamungu amepita hapo na chukudu yake tupu,
akapiga kengele, eti asije akamgonga.