Milimita Sita

Ramani ya kumi na saba ilinifikia
ikiwa picha ya simu: karatasi ya mwalimu Chidawali
imetandazwa juu ya kanga, kona moja ina doa la chai,
na kivuli cha kidole gumba kimelala kusini ya Bahi
kama ziwa ambalo hakuna aliyewahi kulivuka.

"Nisafishie," aliandika. "Kitabu kinaingia mtamboni Alhamisi."

Nikakifuta kivuli kwanza.
Kisha nikachora upya, tabaka juu ya tabaka:
vilima chini kabisa, juu yake mito, juu yake reli,
juu ya reli majina, maana jina likikatwa na mstari
msomaji hulisoma nusu,
na nusu jina ni jina la mtu mwingine.

Kwenye skrini kila kitu kilipendeza.
Mto Bubu ulikuwa wa buluu, buluu ya sketi za shule,
njia ya misafara nyekundu, malisho kijani.
Sechelela wa kiwandani, Uhindini, akanipigia akicheka:
"Dada, pesa ya mwalimu ni ya wino mmoja.
Mweusi. Na huo mstari wako mwembamba kama unywele,
bamba langu halitauona."

Basi nikaupokonya mto rangi yake.
Sasa mto na njia ni mistari miwili myeusi
na mtoto wa darasa la sita hatajua
upi ulileta maji na upi ulileta wapagazi.
Mto nikaukata vipande, mstari, pengo, mstari,
nikajikuta nimesema kweli bila kukusudia:
huku kwetu mto ni wa miezi mitatu,
iliyobaki ni mchanga na ng'ombe wanaoukumbuka.
Njia nikaiacha nzima. Miguu haikungojea masika.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Nikakaa gizani Chang'ombe, vumbi likipapasa bati,
kompyuta ikinihesabia dakika za betri,
nikiwawaza wale watu warefu wa miambani Kolo,
wekundu, wembamba, wenye vichwa kama mafuvu ya mbuyu mchanga.
Aliyewachora hakuulizwa nukta ngapi kwa inchi.
Mimi nimeambiwa mia tatu, isipungue hata moja.

Umeme uliporudi nikapanga kurasa pacha,
kushoto na kulia, ndipo nikaona:
Chilungulu imeangukia katikati,
palepale uzi unapopita na gundi inapobana,
kwenye mkunjo unaomeza kila unachopewa.

Chilungulu ni nukta tu.
Lakini ndipo Nyemo, mama yake bibi yangu,
mwaka wa njaa ya Mtunya,
alishuka na jembe la mume aliyechukuliwa vitani kubeba mizigo,
akachimba hadi sauti yake ikawa ndogo.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, watu husema kwa kuonya.
Yeye aliingia, akatoka na kibuyu kimejaa.

Nikaishika ramani yote, nikaivuta kushoto
milimita sita.
Nchi haikusogea. Hakuna mpaka uliolalamika.
Chilungulu ikapanda kwenye karatasi bapa,
na boma la Mjerumani, na kibendera chake,
likateremka polepole mkunjoni.

Nikamwandikia mwalimu: "Lazima kimoja kimezwe.
Boma au kisima?"
Alinijibu alfajiri:
"Boma lina picha yake ukurasa wa arobaini.
Kisima kina nini?"

Alhamisi nikasimama kando ya mtambo, masikio yakivuma.
Karatasi ya kwanza ikatoka, bado ina joto.
Nikaigusa Chilungulu, nikisahau kwamba wino ni mbichi:
nukta ikaota mkia,
kama tone lililoponyoka ndooni.
"Hiyo ya majaribio," Sechelela akasema, "itupe."

Sikuitupa. Nimeikunja mara nne,
nikichagua mwenyewe mikunjo ipite wapi.