Goti la Sita

Picha ilikuja kwenye simu ya Trufosa:
mdudu mmoja juu ya jiwe la mto,
mto wa watu wengine, mbali na Kibos.
Mkia nyuzi tatu. Mabawa wima
kama masikio ya sungura aliyesikia jambo.
"Wanataka dazeni," akasema, "na wanataka afanane
hadi samaki aliyesoma adanganyike."

Nikaikaza ndoana kwenye jiliwa, namba kumi na sita,
ndogo kiasi kwamba ikianguka sakafuni
huioni kwa macho, unaiona kwa kisigino.

Mkia: shingo ya jogoo wa shangazi Perpetua wa Ahero,
yule wa kijivu aliyewika saa saba za usiku
mpaka majirani wakachanga pesa za mafuta ya kumkaangia.
Tumbo: uti wa unyoya wa tausi, umemenywa kwa ukucha;
unauzungusha, na pete zinajitokeza zenyewe,
nyeusi, kahawia, nyeusi, kahawia.
Mabawa: mfuko wa mkate wa zamani,
uliopigwa marufuku na serikali na kuhifadhiwa na mama
chini ya godoro, pamoja na hati ya shamba.
Mishipa nimeichora kwa kalamu ya mwanangu.
Ni kalamu yake ya hesabu; ananidai.
Macho: ncha ya uzi wa wavu wa kaka yangu Odera,
naigusisha moto wa kibiriti, inajikunja,
inakuwa tone. Matone mawili
na tayari ananitazama.

Kinywa hana.
Nilidhani picha imefifia. Nikauliza.
Trufosa akasoma maelezo, midomo ikitembea:
akishaota mabawa hali tena,
ana siku moja, na siku hiyo si ya kula.
"Sasa ataishije?" akauliza Zilpa wa meza ya dirishani.
Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa saa nane
na chai ilikuwa bado haijaja.

Miguu ndiyo kazi.
Sita, kila mmoja na fundo lake,
kwa sababu samaki huyo, wanasema, huhesabu magoti.
Sijui ni nani aliyekwenda majini kumuuliza.
Fundo la kwanza linakubali. La tano linakatika.
Unarudi nyuma, unashika pumzi,
maana pumzi ya mtu, hapa, ni kimbunga.

Sisi tunao wetu, sami wa ziwani.
Hupanda kama moshi wa jiko lisilo na nyumba,
wakajaa taa, wakajaa uji, wakajaa neno ukilifungulia mdomo.
Bibi yangu wa Dunga aliwazoa hewani
kwa sufuria iliyopakwa mafuta,
akawafinyanga, akawaanika, tukala.
Hakuna aliyewahi kunilipa niwaige.

Na ndoana hizi hazina mwiba wa nyuma.
Hawautaki. Wanamvua samaki, wanampiga picha,
wanamrudisha mtoni.
Odera nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akanyamaza, akauliza wanalipa kiasi gani.

Usiku dazeni yangu imesimama kwenye sponji, chini ya taa.
Mjusi kafiri akashuka ukutani.
Akatulia. Akafikiri, au akajifanya anafikiri.
Halafu, tap.

Nilimtoa ndoana kwa koleo la nyusi,
mikono ikinitetemeka kuliko wakati wowote wa kufunga.
Alinitazama kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mashine.
Akapanda zake, taratibu, bila kugeuka.

Asubuhi alikuja mkaguzi, Bwana Makokha, na kioo chake cha kukuzia.
Kumi na mmoja wamepita.
Wa kumi na mbili bawa limechanika,
goti la sita limelegea.
"Huyu hafanani," akasema,
akamsukuma kando kwa ncha ya kalamu.
Nikamtazama Trufosa. Trufosa akautazama ukuta.

Nimemchomeka kwenye pazia la jikoni.
Mama, kila akipita na taa,
humfukuza kwa pindo la kanga.