Ufunguo wa Chumba cha Makaa

Mwaka wa themanini na sita niliwapa ufunguo,
vijana wanne, nywele hadi mabegani, chunusi hadi shingoni.
Makaa yalikuwa yamekwisha, chumba kitupu, nikasema:
chukueni, lakini saa nne usiku ni kimya.
Saa nne! Nacheka mwenyewe.

Walijiita Hałda,
jina la ule mlima wa mabaki nyuma ya mgodi.
Hakuna aliyeuwasha, hakuna awezaye kuuzima.
Theluji ikianguka, Bytom nzima inavaa sanda,
wenyewe unabaki mweusi, unafuka,
unaungua tumboni polepole, mwaka hadi mwaka.

Ngoma za Ewald zilitoka kwa bendi ya zimamoto.
Gitaa la Norbert lilichongwa na mjomba wake seremala
kwa mbao za kitanda alichofia bibi.
Rajmund hakuwa na kitu, akaleta koo.

Na koo gani! Maneno usiniulize.
Ilikuwa kama lori linamwaga kokoto
ndani ya kanisa.
Taa ya jikoni ikayumba, vikombe vikagongana kabatini,
jirani yangu Truda akapiga bomba kwa mwiko:
"Debe tupu, Otylia! Debe tupu!"
Nikamjibu, debe tupu lisingenitikisa meno.

Mchana, Rajmund yuleyule anauza dawa za kikohozi
mtaa wa Piekarska, kaunta ya pili,
sauti ndogo kama ya bi harusi:
"Kijiko kimoja, mama, baada ya kula."

Kisha ikaja ile Novemba.
Gesi, mita mia saba chini.
Alojz wangu walimpandisha siku ya tatu.
Padri alisema vizuri. Mkurugenzi alisema vizuri.
Bendi ya mgodi, kofia zenye manyoya, tarumbeta zimesuguliwa,
ilipiga vizuri pia, nami nimesimama
kama kabati.
Kila kitu kilikuwa kizuri mno.
Hakuna kilichofanana.

Usiku ule walishuka, wakaona haya,
wakakaa gizani bila kugusa waya.
Nikagonga sakafu kwa kisigino.
Mara moja. Mara mbili.
Pigeni.

Wakapiga.
Ndipo nikasikia: kumbe hivi ndivyo mwamba unavyosema
unapomlalia mtu.
Kumbe hili ndilo nililotaka kumwambia padri.
Vikombe viwili vilianguka, sikuviokota hadi Jumapili.

Wengine wamekuja, wameondoka.
Norbert yuko Dortmund, anapaka rangi nyumba za watu.
Wapiga besi wamepita watano, majina yamenitoka
ila la Teofil, aliyemwogopa paka wangu.
Kanda walinakili wenyewe, moja moja, wakazitia bahashani;
majibu yakaja kutoka Brazili, kutoka Ufini,
kutoka kwa askari mmoja aliyeandika tu "Asanteni, nimelala."
Stempu ninazo mimi.
Mgodi ukafungwa. Nyumba yetu imeinamia mashariki,
ukiweka yai mezani, linajua njia.

Siku hizi Ewald ana goti la chuma
na vidonge vya presha ndani ya mfuko wa vijiti vya ngoma.
Nywele za Rajmund zimebaki pichani.
Alhamisi walishuka ngazi wakishikana mikono,
nyuma yao mpiga gitaa mpya, chunusi hadi shingoni,
mjukuu wa Truda. Ndiyo, Truda wa mwiko.

Saa nne ikapita.
Saa tano.
Nilivua kifaa cha masikio, nikakilaza mezani
kando ya miwani, nikaweka kiganja ukutani.

Ukuta ulikuwa na joto.
Au ni kiganja.