Nafasi Iko Wazi

Jumatatu mkurugenzi ameniletea fomu tatu,
na mvua ya Valdivia inagonga dirisha kama mdai.

Ya kwanza ni ya mhadhiri: elimu ya mito,
shahada ya uzamivu, machapisho yasiyopungua sita,
awe radhi kufundisha saa mbili asubuhi
(hapo ndipo wengi hukumbuka wana mafua).
Ya pili ni ya mwanafunzi: saa kumi kwa wiki,
kumsomea Aylén Catrileo, asiyeona, vitabu vya sheria.
Malipo haba, kadi ya chakula. Asiwe mtu wa kumeza maneno.
Hizo nimezimaliza chai haijapoa.

Ya tatu ni ya Don Eleuterio.

Haikuandikwa hivyo, bila shaka. Imeandikwa:
fundi sanifu, daraja la nne, maabara ya mitetemo,
chumba namba sifuri, chini ya ngazi.
Sababu ya nafasi kuwa wazi: nimejaza, kifo.
Kisanduku ni kidogo. Neno limeenea.

Juzi makaburini padri alisema
ameacha pengo lisilozibika.
Leo fomu inataka lizibwe ndani ya siku thelathini.

Basi naanza. Sifa za mwombaji.
Awe na cheti. Sawa, naandika: cheti.
Yeye hakuwa nacho. Alikuwa na miaka sita
ardhi ilipojikung'uta na mto ukaingia mitaani,
akaliona jiko la kuni la mama yake
likitembea lenyewe, moto tumboni, hadi mlangoni,
kama mgeni aliyekumbuka kwao.
Shule hiyo inatoa cheti gani?

Uzoefu: miaka mitatu.
Yeye, arobaini na minne,
kila alfajiri akiipangusa sindano ya mashine
kwa brashi ya kunyolea ndevu,
kisha akiusoma mstari
kama asomaye barua ya ndugu mlevi:
hili ni lori la magogo,
hawa ni wanafunzi, wameshinda mpira,
na huyu
(hapo alivua kofia)
huyu ni yeye mwenyewe, anageuza ubavu.

Aweze kufanya kazi katika kikundi.
Alifanya kazi na ardhi. Je, wawili si kikundi?

Ijumaa alikuwa akipanda ngazi polepole
na kipande cha keki ya tufaha,
amekifunga kwa karatasi ya mitetemo iliyopita.
Keki nilikula. Karatasi moja ninayo drooni:
doa la siagi limekaa
juu ya tetemeko la Agosti.

Nafasi. Nafsi.
Irabu moja tu inayatenga maneno haya,
na leo, kwa macho haya, siioni.

Nimeandika yote waliyoyataka, afya njema, kompyuta,
barua mbili za wadhamini.
Mwishoni nikaongeza langu:
*Mwombaji ajue wakati wa kuvua kofia.*
Mkurugenzi akalipiga mstari mwekundu.
Hii nini, Rosenda?
Nikamwambia, kosa la uchapaji.

Tangazo limebandikwa saa sita, chini ya kioo, na muhuri.
Kufikia jioni mito imepata waombaji kumi na mmoja,
msomaji wa Aylén wanne, mmoja ana kigugumizi
na ameandika kwamba kigugumizi humtoka akisoma kwa sauti.
Huyo nimemwekea alama.
Chumba sifuri, hakuna.

Huko chini sindano inaendelea kuandika.
Hakuna aliyeiambia.

Saa kumi na dakika kumi vioo vimetetemeka.
Vikombe vimegongana kabatini.
Ofisi nzima tumeinua vichwa, kalamu hewani,
hata mkurugenzi, mlangoni, mguu mmoja nje,
tukimsubiri mtu apaze sauti kutoka chini ya ngazi
atuambie ni lori.